Hakuja, Tulimfuata

Mkono ndio uliotangulia kujua kwamba kilichomo jarifeni si papa. Papa akinaswa usiku kucha huja juu na ngozi kama msasa, ukimdaka vibaya anakuchuna kiganja. Huyu aliteleza. Ilikuwa alfajiri moja ya mwaka 2004, nje ya Kigombe, kijijini kwetu pwani ya Tanga, umande bado unavuma kutoka bara, na mimi na baba mdogo tulikuwa tumeshavuta nusu ya jarife bila kupata kitu ila taa mmoja mdogo. Nikamwambia, "Ba'mdogo, wavu una mafuta." Hakunijibu. Alikuwa ameshaliona jicho.

Jicho lile nimeliota mara nyingi. Nilimulika tochi, likawaka kijani kama la paka aliye uvunguni. Kisha akaja mwenyewe ubavu ubavu, mnene kama gunia la nazi, rangi yake buluu iliyokolea kama kaniki, na mabaka meupe yametapakaa mwili mzima kama aliyerukiwa na chokaa. Magamba yake yalikuwa mapana na magumu, yana vichomo vidogo vidogo, na juu yake utelezi. Lakini kilichotunyamazisha ni mapezi. Hayakuota mwilini kama ya samaki tuliowazoea. Karibu kila pezi lilikaa mwisho wa kipande cha nyama, kama kiganja mwisho wa kigasha, na tulipomlaza ndani ya mashua yakawa yanakwenda kwa zamu, la kulia mbele na la kushoto nyuma, kama mjusi anayetambaa ukutani. Katikati ya mkia palikuwa na kimkia kingine kidogo, nacho kinatikisika peke yake.

Baba mdogo alisema "Bismillahi" akanyamaza. Alikuwa baharini tangu ana miaka 12. Alikuwa na jina la kila chenye mapezi, tena la mdogo na la mkubwa, maana samaki wengine wakikua hubadilishwa jina. Siku ile hakuwa na jina. Alichosema baadaye, tulipokuwa tunakaribia pwani, ni kwamba huenda ni chewa wa vilindini. Alilisema kwa sauti ya mtu asiyejiamini, na sikuwahi kumsikia na sauti ile kabla.

Dikoni watu walijaa. Mchuuzi mmoja akabonyeza nyama kwa kidole, akanusa, akatikisa kichwa. Mwingine akasema kina fulani walimpata kama huyu wiki zilizopita, wakamla, matumbo yakawaendesha siku mbili. Hilo ni kweli: nyama yake imejaa mafuta ambayo tumbo la mwanadamu haliyawezi. Baba mdogo alikuwa ameshanyanyua kisu ili angalau amfanye chambo, na nadhani angemkata, kama si mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuja akikimbia, kanzu kaishika mkononi, akisema redio imetangaza: samaki wa namna hiyo asikatwe, aitwe bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi.

Bwana samaki alipofika alitaka vipimo, na hakuwa na utepe. Nikatumwa kwa shangazi, ambaye ni fundi cherehani. Utepe wa cherehani una sentimita 150. Ulifika karibu na mkia ukaisha, nikaweka kidole pale ulipoishia, nikaanza upya: 161. Mizani ya kuning'iniza ya wachuuzi iligota mwisho, ikabidi sehemu ya uzito tuiache wazi. Shangazi hakuutaka tena utepe ule. Alisema unanuka, na ulinuka kweli, harufu nzito ya mafuta iliyokaa miezi.

Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, bwana samaki aliniachia kazi. Akanipa daftari kubwa lenye jalada gumu, akalichora mistari: tarehe, mahali, kina, aina ya wavu, urefu, uzito, jina la chombo. Kila silikanti, maana ndivyo alivyomwita samaki yule, atakayeletwa nimwandike. Sikulipwa, na sikuona vibaya. Nilikuwa na miaka 22, na kazi nyingine iliyokuwapo pale ilikuwa shamba la mkonge.

Wakaletwa. Wengine wetu tulidhani huyu wa kwanza kuonekana nasi ni bahati iliyopita, kumbe mwaka ule na uliofuata walikuja mmoja baada ya mwingine, kutoka Kigombe na kutoka vijiji jirani kuelekea Tanga mjini. Pwani ya Tanzania ilikuwa imemjua kwa mara ya kwanza mwaka 2003, kule kusini Songo Mnara, na miaka miwili kabla yake meli ya uvuvi ilimpata Malindi, Kenya. Lakini hapakuwa na mahali pwani hii walipoopolewa kwa wingi kama kwetu. Wakaanza kuja wageni. Wa Dar es Salaam, wa Afrika Kusini, wa Japani. Kwao nilisikia habari ambayo kwetu ilikuwa kama hadithi: kwamba wataalamu waliwajua samaki hawa kwa mawe tu, mifupa iliyogeuka jiwe, wakaamini kizazi chao kilikatika miaka milioni 66 iliyopita pamoja na mijusi ile mikubwa, mpaka Desemba 1938, binti mmoja wa makumbusho ya mji wa East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, alipomwona mmoja katika samaki wa meli ya uvuvi. Mtaalamu J.L.B. Smith akampa samaki yule jina la kisayansi la kumkumbuka binti huyo. Smith akatafuta wa pili miaka 14. Akapatikana mwaka 1952 Nzuwani, Komoro, na pale ikajulikana kwamba Wakomoro walikuwa wakimjua siku zote. Walimwita gombessa, wakimnasa kwa mshipi usiku wakiwa katika ngalawa zao, na hawakuona ajabu yoyote.

Swali la wageni wote lilikuwa moja: wametoka wapi? Kwa nini ghafla? Kijijini kila mtu alikuwa na jibu. Wengine walisema mkondo wa bahari umebadilika. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 waliibuka waliosema tetemeko ndilo lililowafukuza mapangoni, na maneno hayo yakaenea sana. Mimi nilikuwa na daftari. Samaki wetu na wengine kadhaa walikuwa wameandikwa humo kabla ya wimbi lile. Nililionyesha daftari kwa waliosema hivyo, lakini maneno matamu hayashindwi na tarehe.

Baba mdogo hakuulizwa. Wageni waliuliza wataalamu wenzao, wakauliza viongozi, wakaniuliza mimi kwa sababu ya daftari. Siku moja mtafiti mmoja, mama wa makamo, alikaa chini kivulini tulipokuwa tunashona jarife, akamwamkia, "Shikamoo mzee," kisha akamuuliza si kuhusu silikanti bali kuhusu wavu. Unatega pima ngapi? Zamani ulitega pima ngapi? Baba mdogo akaweka sindano chini. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu niliyaandika usiku ule ule nyuma ya daftari:

"Nilipoanza kutega jarife, pima 15 zilinitosha. Papa walikuwa karibu. Wakapungua, nikaenda 25. Baruti nayo ikaja ikaharibu mwamba wote wa karibu, nikaenda 40. Sasa natega 60, na chubwi inagonga mawe nisiyoyajua. Huyu samaki hakuja, mama. Sisi ndio tuliomfuata kwake."

Mama yule aliandika, akamsomea, akamuuliza kama ndivyo. Baba mdogo akasema ndivyo.

Ili msomaji aelewe, niseme jarife ni nini. Ni wavu wa nyuzi nene, macho yake mapana kiasi cha kupitisha kichwa cha mtoto, unaotegwa jioni chini kabisa na kuvutwa alfajiri. Ni wavu wa papa. Ulisukwa kwa ajili ya papa, na maisha ya nyumba nyingi za pwani yetu yalisukwa nao. Papa ng'onda alikuwa kitoweo cha walio mbali na bahari, akipanda mabasi mpaka Korogwe na Lushoto. Ini lilichemshwa likatoa sifa, mafuta ya kupaka mashua mbao zisiliwe na fukusi. Mapezi yalikuwa na wanunuzi wake, waliokuja na pesa taslimu, wakapima kwa shibiri na hawakupenda maswali. Bei ya mapezi ndiyo iliyowafanya vijana wanunue jarife la pili na la tatu kwa mkopo. Papa naye si dagaa. Yupo anayebeba mimba karibu mwaka mzima na kuzaa wachache, na anayehitaji miaka zaidi ya kumi kabla hajazaa mara ya kwanza. Ukimvua kwa kasi ile hawezi kujilipa.

Pale kwa babu yangu, juu ya mlango, palikuwa na upanga wa papa upanga, mrefu kuliko mkono wangu, meno pande zote mbili. Marehemu baba yangu alisaidia kuukata akiwa kijana. Mimi nimekulia bahari ile ile na sijawahi kumwona papa upanga hai wala mfu.

Kwa hiyo katika daftari la bwana samaki nilichora mstari wangu mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, pembeni kabisa: Papa. Kila jarife lililofika dikoni nilihesabu papa na nikaandika. Nilitaka kuona kama baba mdogo anasema kweli. Mwaka wa kwanza palikuwa na siku za tano, saba, siku moja tisa. Kufikia mwaka wa tatu safu ile ilikuwa na sifuri nyingi kuliko tarakimu nyingine zote, na waliokuwapo walikuwa wadogo, papa nyundo wasiozidi urefu wa mkono. Hakuna aliyeniuliza kuhusu safu ile. Kamera zilikuja kwa ajili ya silikanti, na nilifurahi zilipokuja, lakini papa walikuwa wanaondoka pale pale mbele ya kamera na hakuna aliyezigeuza.

Mwaka 2007 Wajapani wa Aquamarine Fukushima walishusha chombo chenye kamera na taa nje ya Tanga, kikaendeshwa kwa waya kutoka juu, na wakawapata silikanti wakiwa hai, kwao. Baadaye nasi tulionyeshwa mkanda. Tulikaa wengi mbele ya televisheni ndogo, watoto mbele, wazee kwenye benchi. Mwamba ukaonekana, wenye giza, kisha yeye, ametulia kando ya pango, haogelei kwa mkia kama samaki wengine bali anapepesa mapezi yale taratibu, moja moja, kama mtu anayepapasa gizani asigonge kitu. Watoto walipiga kelele. Niligeuka nikamwona baba mdogo. Alikuwa amevua kofia na kuiweka gotini. Alikuwa ameshawatoa majini wanne kwa mikono yake, na wote aliowaona walikuwa wanakata roho au wameshakata. "Kumbe anakwenda hivyo," akasema. Hakusema lingine jioni ile yote.

Niliyoyajua baadaye kuhusu nyendo zao yalimpa haki baba mdogo neno kwa neno. Mjerumani Hans Fricke aliwaona kwa macho mwaka 1987 huko Ngazidja, Komoro, akiwa ndani ya nyambizi ndogo, kisha yeye na wenzake wakawabandika baadhi yao vifaa vinavyotoa mlio ili wawafuate. Huko mchana hukaa mapangoni, mita 150 mpaka 250 chini, mara nyingi kadhaa pamoja. Jua likizama hutoka, hushuka na mteremko wakitafuta chakula. Mmoja alifuatwa mpaka karibu mita 700. Alfajiri hurudi, aghalabu mapango yale yale. Hawagusani wala hawapigani. Kila mmoja ana mabaka yake meupe yasiyofanana na ya mwingine, na kwa mabaka hayo watafiti wamemtambua mmoja mmoja mwaka hadi mwaka. Huyo ndiye samaki tuliyekuwa tunasema amehama kutoka sijui wapi. Na mwaka 2011 Wajapani walipochunguza vinasaba vya wale walionaswa kwetu, walikuta kwamba silikanti wa kaskazini mwa Tanzania ni kundi la peke yake, lililoachana na wengine miaka 200,000 iliyopita au zaidi. Walikuwapo. Walikuwapo kabla ya mji wa kale wa Tongoni kujengwa, kabla ya mtu yeyote kutega kitu chochote.

Nilikuja kuliona jambo hilo hilo kwa mara ya pili, mahali pengine na kwa samaki mwingine. Mambo yalipokuwa magumu Kigombe nilikwenda Mafia, nikapata kazi ya kuendesha mashua ya mashine Kilindoni. Huko yupo papa potwe, ambaye wenzetu wa Kenya humwita papa shilingi kwa madoadoa yake. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani na hana ubaya na mtu. Anakula vikamba vidogo na mayai ya samaki, mdomo wazi, jirani kabisa na nyavu za dagaa. Kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi wanaonekana karibu na gati. Kusi likiingia hawaonekani. Wavuvi wote wa pale wangekuapia kwamba wameondoka, na wageni wengi wakaandika hivyo.

Watafiti niliowabeba hawakuridhika. Walipiga picha ubavu wa kila potwe, nyuma ya matamvua, maana madoa ya hapo ni kama alama za vidole. Kisha mmoja wao huvuta pumzi, huzama na mkuki mrefu usio na ubaya wowote, na kwa pigo moja huacha kifaa kidogo chini ya pezi la mgongoni. Nilimtazama potwe wa kwanza nikidhani atatupindua. Alitikisa ngozi kama ng'ombe aliyetuliwa na nzi, akaendelea kula. Kifaa kile husema namba yake kwa sauti ambayo sikio letu haliisikii, na chini ya bahari, kuzunguka ghuba, vilifungwa vinasa sauti vinavyoisikia namba hiyo akipita kwa mita mia kadhaa. Tulikuwa tunavitoa, tunavifuta koa na magugu, wanasoma kilichomo, tunavirudisha. Na vilichosema ni kwamba wengi hawakuondoka. Kusi walisogea nje kidogo, wakaenda chini zaidi, tusipowaona. Mwaka mzima walikuwa Mafia.

Jioni ile niliyoambiwa hivyo nilimpigia simu baba mdogo. Nikamweleza vinasa sauti, namba, kusi na kaskazi. Akasikiliza mpaka mwisho. "Basi nao wana bahati," akasema, "wamepata watu wa kuwauliza wenyewe."

Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga ilitangazwa mwaka 2009, kutoka kaskazini mwa mdomo wa mto Pangani mpaka kupita Tanga mjini, kama kilomita 100 za pwani. Kijijini haikupokewa kwa vigelegele. Mtu aliyekopa jarife anajua deni lake, na ukimwambia samaki yule amekaa humo miaka mingi mno atakuuliza mtoto wake ale nini wiki hii. Nami sikuwa na jibu zuri, kwa sababu jarife lililotulisha ni letu. Baba mdogo aliacha kutega vilindini bila kushurutishwa na mtu. Aliuza jarife moja, la pili akazungushia banda la kuku, akarudi kwenye mshipi na madema. Kipato kilipungua sana, na shangazi alimlaumu, na siwezi kusema alimlaumu bure. Papa nyundo naye aliingizwa katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini mwaka 2013, na papa wengine wengi mwaka 2022. Nilimsomea baba mdogo habari ya kwanza. Ya pili hakuikuta; Mungu amrehemu.

Daftari ninalo. Kurasa zimeshikana kwa chumvi na zingine zina alama za mafuta ambazo hazikukauka kabisa. Katikati, kwenye ukurasa wa samaki wa sentimita 161, kuna gamba moja la huyo huyo, lililonasa kwenye nyuzi za wavu nikalibandua asubuhi ile kabla hatujafika pwani. Ni kubwa kama sarafu ya shilingi 200, kahawia sasa, gumu kama ukucha. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walitangaza kwamba wameyasoma magamba ya silikanti kwa mwanga wa namna maalumu, wakaona duara nyembamba ambazo darubini za zamani hazikuzionyesha, kila duara mwaka. Wakahesabu. Walidhaniwa wanaishi kama miaka 20. Kumbe wanaweza kufika karibu 100. Mimba yao ni ya miaka mitano. Na hawaanzi kuzaa mpaka wamekaribia miaka 55.

Nilipoisoma habari hiyo nililiweka gamba dirishani, nikaligeuza geuza kwenye jua. Duara chache zinaonekana kwa jicho, nyingine zimejificha. Huenda samaki yule alimzidi baba mdogo umri. Kisha nikafanya hesabu nyingine, ambayo tangu siku hiyo naibeba: kama mmoja wao alizaliwa mwaka ule wa 2004 katika mapango yale nje ya Kigombe, na kama hakuna wavu uliomfikia, sasa ana miaka ishirini na kitu na bado ni mtoto. Atazaa karibu na mwaka 2059. Mungu akinipa uhai, nitakuwa na miaka 77.